Je, ni haki kumteka mtuhumiwa ndani ya nchi rafiki?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kuna jambo tunabishania kazini. Mwenzangu anasema nchi ikijua gaidi amejificha kwa rafiki yake, na rafiki huyo anajivuta, basi itume watu wakamchukue, ndege iruke, yaishe. Mfano wake ni Eichmann, afisa wa Kinazi aliyetekwa Argentina na kupelekwa Israeli kuhukumiwa. Mimi naona si sawa, ila nashindwa kueleza, hasa anaponiuliza: kama ni marafiki na adui yao ni mmoja, huyo rafiki ananuna kwa lipi? Je, ni kosa kimaadili kweli, au ni heshima za kibalozi tu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Hoja ya mwenzako usiidharau. Wapo watu makini wanaoitetea, na mfano aliokupa ndio mgumu kuliko yote. Nitaufikia. Lakini wewe umeuliza kuhusu marafiki, kwa hiyo nianzie Milan.

Tarehe 17 Februari 2003, mchana, imamu mmoja wa Kimisri, Hassan Mustafa Osama Nasr, anayejulikana zaidi kama Abu Omar, alikuwa akienda msikitini kwa miguu. Italia ilikuwa imempa hifadhi ya ukimbizi. Akasimamishwa kama anayekaguliwa vitambulisho, akasukumwa ndani ya gari, akafikishwa kambi ya anga ya Aviano, akarushwa hadi Ramstein nchini Ujerumani, na kutoka hapo Cairo. Misri ilimfunga, na kwa maelezo yake mwenyewe aliteswa. Waliomchukua walikuwa maofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na Waitalia wachache walishiriki.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mwenzako huenda haijui. Polisi wa Milan hawakuwa wamelala. Abu Omar walikuwa wakimchunguza kwa tuhuma za ugaidi, na mazungumzo yake walikuwa wakiyasikiliza. Walikuwa wanafuata nyuzi, moja baada ya nyingine, wajue anaongea na nani, nani anaandaliwa kwenda wapi. Siku aliyotoweka nyuzi zote zilikatika. Na walipohangaika kumtafuta, upande wa Marekani uliwapa habari kwamba huenda amekimbilia nchi za Balkani. Waliomchukua ndio waliowaelekeza wenzao kwenda kumtafuta ambako hayupo.

Kwa hiyo akikuuliza rafiki ananuna kwa lipi, anza hapo. Rafiki alikuwa kazini, kwenye kazi ileile, dhidi ya mtu yuleyule. Aliharibiwa uchunguzi, kisha akadanganywa. Mwendesha mashtaka aliyeishughulikia kesi ya utekaji huo, Armando Spataro, alikuwa amewahi kuwashtaki wanamgambo wa Brigate Rosse, kundi la kigaidi la mrengo wa kushoto, wakati Italia ilipokuwa ikimwaga damu kwa ugaidi wa wananchi wake wenyewe. Huyo humwiti mlegevu. Aliwafuata watekaji kwa kumbukumbu za simu zao za mkononi, na Novemba 2009 mahakama ya Milan iliwatia hatiani Wamarekani 23, wote wakiwa hawapo mahakamani. Miaka minne baadaye mahakama ya mji huohuo ilimhukumu Abu Omar mwenyewe kifungo cha miaka sita kwa makosa ya ugaidi. Naye hakuwepo. Alikuwa Misri, alikopelekwa na watu waliosema wanaisaidia dunia asiidhuru tena.

Hukumu hizo mbili zisomwe pamoja. Njia ya sheria ilikuwapo, ilikuwa inafanya kazi, na mwisho wake ungekuwa mtu gerezani na mtandao wake kujulikana. Utekaji ulileta mtu huru asiyeweza kufikishwa gerezani Italia, na maofisa wa nchi rafiki wanaoogopa kutia mguu Ulaya.

Hilo ni jibu la faida na hasara, na watu wengi huishia hapo. Mimi sitaki tuishie hapo, kwa sababu mwenzako anaweza kukujibu: basi siku nyingine wateke kwa ustadi zaidi. Swali lako lilikuwa la maadili. Ukiniuliza kosa liko wapi hasa, nitakwambia kwamba utekaji wa namna hii huzaa madeni mawili, na kinachowapoteza watu ni kudhani ni deni moja.

Deni la kwanza ni la nchi kwa nchi. Mwaka 1927 Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, katika kesi ya meli ya Kifaransa Lotus iliyogongana na meli ya Kituruki, ilisema wazi kwamba nchi haiwezi kutumia nguvu zake za kidola ndani ya ardhi ya nchi nyingine bila ruhusa. Kumkamata mtu ni nguvu ya kidola iliyo wazi kuliko zote. Kuna wanaodhani kanuni hii inalinda fahari ya marais na bendera zao. Sidhani hivyo. Inamlinda mtu wa kawaida aishiye chini ya bendera hiyo. Mimi nikiishi katika nchi fulani, najua polisi gani wanaweza kunigongea, kwa karatasi gani, na nikionewa nitamlalamikia hakimu gani. Siku polisi wa nchi ya pili wanapoweza kunichukua njiani, ulinzi huo wote umekwisha, na serikali yangu haikuulizwa. Rafiki aliyeingia bila hodi amewaambia wakazi wote wa nyumba kwamba mwenye nyumba wao si kitu.

Deni la pili ni la nchi kwa mtu aliyekamatwa. Hili halimhusu balozi yeyote. Mtu, hata awe mbaya namna gani, anastahili kuambiwa kwa nini anakamatwa, kufikishwa mbele ya hakimu, kupata wakili, na watu wake kujua yuko wapi. Deni hili serikali haiwezi kulisamehe kwa niaba yake, kama vile mimi nisivyoweza kusamehe fedha unazomdai jirani yangu.

Ukishayatenganisha madeni haya, mengi yanafunguka. Chukua kisa cha Abdullah Öcalan, kiongozi wa PKK, kundi la Wakurdi lililokuwa likipigana na serikali ya Uturuki. Alichukuliwa Nairobi tarehe 15 Februari 1999 baada ya kutoka katika makazi ya balozi wa Ugiriki, akapakiwa kwenye ndege, akaletwa Uturuki. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika hukumu yake ya mwisho ya Mei 2005, iliona kwamba kesi yake haikuwa ya haki, lakini ikakataa kusema kwamba ukamataji wenyewe ulikuwa haramu. Sababu moja kubwa: maofisa wa Kenya walikuwa wameshirikiana, kwa hiyo mamlaka ya Kenya hayakuvunjwa. Nimeisoma hukumu ile mara nyingi, na bado naona jaji amelipa deni la kwanza na kudhani amemaliza yote mawili. Kenya ikikubali, Kenya haijaibiwa kitu. Lakini je, Öcalan alipitishwa mbele ya hakimu yeyote Nairobi? Hapana. Ridhaa ya serikali iliziba mdomo wa serikali, haikumpa mtu haki yake.

Ndiyo maana nataka ugeuze kidogo namna unavyouliza. Umeuliza kuhusu utekaji unaowagombanisha marafiki. Mimi naogopa zaidi ule usiowagombanisha. Kuanzia Novemba 1975 idara za ujasusi za nchi za Amerika Kusini, Chile, Argentina, Uruguay, Paraguay na Bolivia, kisha Brazil, zilishirikiana katika mpango ulioitwa Condor. Mkimbizi wa Uruguay aliyedhani amepona kwa kuvuka kwenda Buenos Aires alikamatwa huko na majasusi wa Uruguay wakisaidiwa na Waargentina. Hakuna balozi aliyeitwa nyumbani wala barua ya malalamiko iliyoandikwa, maana urafiki ulikuwa mzuri mno. Mwaka 1981 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikiamua malalamiko ya mwanachama wa vyama vya wafanyakazi aliyetekwa Buenos Aires mwaka 1976, ilisema Uruguay inawajibika kwa yale majasusi wake waliyoyafanya nje ya mipaka yake. Nchi haiwezi kumtendea mtu ng'ambo yale ambayo sheria inaikataza kumtendea nyumbani. Kwangu mimi hiyo ndiyo sentensi ambayo mwenzako anapaswa kuijibu.

Na Nairobi, ulivyoona, imerudi tena na tena katika habari hizi. Juni 2021 Nnamdi Kanu, kiongozi wa kundi linalotaka Biafra ijitenge, alichukuliwa huko na kufikishwa Nigeria. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema alitendewa kinyume cha katiba na kuagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 10. Novemba 2024 Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitoweka Nairobi, na siku chache baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Kampala. Watu hawa watatu, Öcalan, Kanu na Besigye, hawafanani kwa siasa wala kwa tuhuma, na hiyo ndiyo hatari yake. Njia ikishazoeleka kwa yule unayemwogopa, itatumika kwa yule ambaye mtawala hampendi tu. Mlango huo ukifunguliwa haumchagui anayepita.

Nadhani mwenzako atasema: "Lakini huyo wetu tuna hakika naye." Mwambie habari za Khaled el-Masri. Huyu ni raia wa Ujerumani aliyeshushwa kwenye basi mpakani mwa Masedonia siku ya mwisho ya mwaka 2003. Jina lake lilifanana na la mtu aliyekuwa akitafutwa. Walimfungia hotelini Skopje siku 23, kisha CIA ikamrusha hadi Afghanistan. Mei 2004, baada ya kubainika kwamba siye, walimwacha Albania, kwenye barabara ya milimani. Desemba 2012 Mahakama ya Ulaya iliihukumu Masedonia na kuagiza alipwe euro 60,000. Waendesha mashtaka wa Munich walikuwa wametoa hati za kuwakamata watu 13, lakini serikali ya Ujerumani ikachagua kutosukuma jambo hilo kwa Marekani. Rafiki alimeza. Na aliyekula hasara ni raia wake mwenyewe.

Hakimu angeligundua kosa lile ndani ya saa chache, kwa kuangalia pasipoti na kuuliza maswali mawili matatu. Hiyo ndiyo kazi ya hatua zile zinazoitwa usumbufu: hati ya kukamatwa, maombi ya kumrejesha mhalifu, kusikilizwa mahakamani, rufaa. Zinachelewesha, kweli. Zinachelewesha ili mtu mmoja asiyehusika na uamuzi apate nafasi ya kuuliza, "Mna hakika ni huyu?"

Kuhusu mahakama zinazompokea mtu aliyetekwa nitasema kwa kifupi, ingawa wanasheria tunaweza kubishana usiku kucha. Marekani imeshikilia tangu kesi ya Ker ya mwaka 1886, ya mtu aliyetekwa Peru, kwamba namna ulivyofika mahakamani haimzuii jaji kukusikiliza. Juni 1992 ilirudia hivyo kwa daktari wa Meksiko, Humberto Álvarez Machaín, aliyetekwa Guadalajara kwa tuhuma za kushiriki katika mateso na mauaji ya wakala wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya. Meksiko, jirani na mshirika, ikawaka. Kanada, ambayo haikuwa na lolote katika kesi ile, ilikuwa imeiandikia mahakama kuiunga mkono Meksiko. Kanada ilikuwa na kidonda chake: mwaka 1981 wasaka watoro wa dhamana walimchukua mtu Toronto na kumvukisha mpaka hadi Florida kwa kesi ya kuuza viwanja. Viwanja, ndugu yangu, wala si mabomu. Na yule daktari? Desemba 1992 jaji alimwachia huru kwa kukosekana ushahidi.

Upande mwingine, nchini Afrika Kusini, mwaka 1991, utawala wa kibaguzi ukiwa haujaanguka, Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu ya miaka 20 ya uhaini dhidi ya mwanachama wa ANC, Ebrahim, kwa sababu alitekwa Swaziland. Majaji walisema serikali nayo, ikija kumshtaki mtu, lazima ije na mikono safi. Uingereza ilifuata mwelekeo huo mwaka 1993. Mimi niko pamoja na majaji hao. Mahakama inayofumba macho kwa mlango uliotumika imekuwa sehemu ya msafara.

Haya, Eichmann.

Mei 1960 majasusi wa Israeli walimchukua karibu na nyumba yake Buenos Aires, wakamficha siku kadhaa, wakamtoa kwa ndege ya El Al, shirika la ndege la Israeli. Argentina ilipeleka malalamiko Baraza la Usalama, na Azimio namba 138 la Juni mwaka ule likasema mambo mawili kwa pumzi moja: vitendo vya namna hii vikirudiwa vitahatarisha amani, hivyo Israeli itoe fidia inayofaa, na Eichmann afikishwe kwenye haki. Agosti serikali mbili zikatangaza kwamba suala limekwisha. Alihukumiwa, akanyongwa mwaka 1962.

Sitakudanganya kwamba ningependa arudishwe Argentina akaendelee na maisha yake kwa jina la bandia. Siwezi kusema hivyo nikikumbuka waliokufa. Lakini angalia kwa nini kisa hiki kinabebeka wakati vingine havibebeki. Kwanza, njia ya sheria ilikuwa imezibwa kweli. Fritz Bauer, mwendesha mashtaka wa jimbo la Hessen, Myahudi wa Kijerumani aliyeteswa na Wanazi, aliwapa Waisraeli habari za Eichmann kwa siri kwa sababu hakuamini kwamba vyombo vya nchi yake mwenyewe havitamtonya. Pili, alipofikishwa Yerusalemu dunia iliambiwa. Hakupotezwa. Alikuwa na wakili Mjerumani wa kumtetea, mashahidi walisikilizwa hadharani, akakata rufaa. Tatu, Israeli ilikubali kwamba imemkosea mwenyeji na ikakaa naye kulimaliza. Hata hivyo tazama lile deni la pili: mahakama ya Yerusalemu ilisema aliyekosewa ni Argentina, na Argentina imekwisha samehe. Ni kosa lilelile la kesi ya Öcalan. Naona walikosea hata kwake, na nalisema hilo nikijua ni nani ninayemzungumzia.

Sasa mwambie mwenzako alinganishe. Abu Omar alikuwa na uchunguzi ulio hai na mahakama zilizo wazi. Hakushtakiwa mbele ya dunia, alifichwa. Hakuna aliyeenda Roma kuomba radhi. Mwenye kumtaja Eichmann ili kumtetea aliyemteka Abu Omar anachukua uzito wa kisa kimoja na kuubandika kwenye kingine.

Linabaki swali la rafiki anayejivuta. Hapo nawalaumu pia wale wanaonuna. Öcalan huyuhuyu alikuwa Roma Novemba 1998. Uturuki ilimwomba, Italia ikakataa kwa sababu Uturuki ilikuwa na adhabu ya kifo, na sheria ya Italia haikuruhusu. Kukataa huko kulikuwa sahihi. Lakini Italia haikumshtaki yenyewe, na Ujerumani, iliyokuwa na hati ya kumkamata, haikumwomba, kwa kuhofia vurugu. Januari akaondoka zake. Kuna kanuni ya zamani, kabidhi au shtaki, nayo inamfunga mwenyeji kama inavyomfunga mgeni: usipompeleka kwa mwenzako, mfungulie kesi kwako. Nchi inayokataa yote mawili inampa mtekaji kisingizio chake chote.

Na subira si ndoto za wasomi. Aprili 1999, miezi miwili tu baada ya Nairobi, Libya iliwatoa watuhumiwa wawili wa bomu la ndege iliyoanguka Lockerbie, lililoua watu 270 mwaka 1988. Walihukumiwa na majaji wa Scotland, kwa sheria ya Scotland, lakini katika kambi ya Zeist nchini Uholanzi. Mmoja alikutwa na hatia, mwingine akaachiwa. Ilichukua karibu miaka saba ya vikwazo na mazungumzo na serikali ambayo haikuwa rafiki wa mtu. Kama iliwezekana na Libya ya Gaddafi, sielewi ishindikane vipi kati ya Washington na Roma.

Umeniambia unashindwa kueleza. Basi mkibishana tena, acha majina makubwa, muulize maswali matatu kuhusu ukamataji wowote atakaoutaja. Nani alitia saini? Alionana na hakimu gani kabla ndege haijaruka? Na nyumbani kwake waliambiwa lini?

Kwa Abu Omar swali la tatu lina jibu. Mke wake alikuwa Milan. Hakuambiwa kitu na mtu yeyote tangu Februari 2003 hadi Aprili 2004, miezi 14, siku mumewe alipotolewa kwa muda mfupi Misri na kumpigia simu. Polisi wa Italia, ambao bado walikuwa wanamtafuta, walikuwa wakiisikiliza laini ile. Ndivyo na wao walivyojua.